Mkato na Tabu

Saa tatu usiku, ghorofa ya pili, Barabara ya Dubois.
Chini yetu mashine ya kukata karatasi inashuka, ta,
na kila ikishuka kikombe changu cha chai kinashtuka.

Kilonzi ameniletea orodha ndani ya simu:
michango ya mazishi ya Wesonga, bawabu wa ploti yao, Dandora.
Jina, mkato, kazi, mkato, shilingi,
mistari sabini na mitatu
iliyoandikwa na kidole gumba kilichokuwa kikilia.
Gari la maiti linaondoka kwenda Butere alfajiri.
Anataka vijitabu themanini,
"na ule ukurasa wa michango, dada, uwe na mistari,
uwe kama wa benki."

Nikamwambia keti. Ni kazi ndogo.
Unachagua matini, unafungua menyu,
unaiamuru programu: geuza kuwa jedwali.
Nayo inakuuliza swali moja tu, kama karani asiyeinua macho:
nitenganishe wapi?
Nikajibu, penye mkato.

Ikatii. Hiyo ndiyo kasoro yake, hutii.

Mama Kwamboka, wa mboga, wa pale getini, na wanawe wawili, 150,
akakatwa vipande vitano.
Geti likaingia safu ya pesa,
watoto wakasukumwa nje ya ukingo wa karatasi,
na ile mia na hamsini sikuiona tena.
Halakhe wa duka alitoa 2,500.
Jedwali likamwandikia shilingi mbili,
na mia tano yake ikahamia seli ya jirani
kama mpangaji aliyepigiwa kufuli.

Kilonzi alikuwa ameinama begani kwangu.
"Halakhe akiona hii," akasema, kisha hakumaliza.

Nikatengua.
Kwenye kibodi kuna kitufe, hapa dukani tunakiita tabu.
Ukikibonyeza hakiandiki kitu,
kinaacha nafasi tu, na nafasi hiyo haikati jina la mtu.
Basi nikashuka mstari kwa mstari
nikipanda tabu, mbili, mbili, kama mtu apandaye maharagwe,
nikiwaacha watu na mikato yao:
Mutheu, fundi cherehani, yule mrefu.
Bi Zuhura, chumba cha juu, aliyehama.
Waliotajwa hivyo walijulikana hivyo.
Nani kanipa mimi wembe?

Saa tano. Nikaamuru tena: geuza.
Nitenganishe wapi?
Penye tabu.
Zikaja safu tatu, zimenyooka,
sufuri chini ya sufuri, Halakhe na elfu zake mbili na nusu,
Kwamboka na geti lake na wanawe, wote nyumba moja.

Isipokuwa mstari wa sitini na moja.
Seli moja ilikuwa imetoa kitone chekundu,
maana yake maneno yamezidi nafasi.
Nikaifungua.
Ogutu. Kinyozi.
Na kwenye shilingi: sina kitu ila nitamnyoa.

"Weka sufuri," Kilonzi akasema.
Nikaweka kidole kwenye sufuri.
Mashine ya chini ikashuka, ta.
"Alimnyoa?"
"Jana. Mochari. Alibeba taulo lake mwenyewe."

Nikaushika mpaka wa safu, nikauvuta.
Watu sabini na wawili wakasogea kidogo
kama wanavyosogea kwenye benchi la msibani
kumpisha aliyechelewa.
Kitone chekundu kikazimika.

Kilonzi akauliza, na jumla?
Nikamwachia seli tupu chini kabisa,
aijaze kwa kalamu huko mbele ya safari,
yeye anayejua hesabu.